Asubuhi Paskali Alipopita Mtoni

Wasifu wa kaka yangu ulisomwa kando ya jeneza na profesa mmoja mwenye sauti nzuri. Alisoma bila haraka: upadre, masomo ya ng'ambo, uaskofu, miaka aliyokiongoza chuo kikuu, maktaba aliyoijenga wakati watu wakisema ajenge kwanza hosteli. Utoto ulipita upesi. "Baada ya shule ya msingi, alijiunga na seminari ndogo." Kisha akafunua ukurasa.

Nilikuwa safu ya pili. Mvua ilikuwa imetulowesha wote mlangoni, na kanisa zima lilinuka makoti mabichi na udongo mwekundu ulioingia na viatu. Harufu ile ilinipeleka moja kwa moja kwenye nyumba yetu ya kijiji cha ujamaa, msimu wa mvua, mimi nina miaka minane. Nikataka kunyoosha kidole kama mtoto darasani. Nilitaka kusema kwamba hakujiunga tu. Alitoka nyumbani kwa masharti, akayavunja, na mimi ndiye niliyemwambia ayavunje.

Ninyi mliohamishwa miaka ile mtakumbuka zile nyumba za mstari. Kabla ya hapo, kwenye mgongo wa milima yetu juu ya Dongobesh, kila nyumba ilikaa peke yake kwenye bega lake la mlima, na ukitaka kumwomba jirani moto ilibidi upige ukelele kwanza. Halafu tukapangwa kama ng'ombe kwenye josho. Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza, upande wa msitu. Ya pili ilikuwa ya Balozi Lohay, kiongozi wa nyumba kumi. Tukiwa kitandani tulimsikia akipenga kamasi. Asubuhi aligonga rimu la lori lililoning'inizwa kwenye mti, watu wakatoka kwenda shamba la kijiji, naye akaandika kwenye daftari nani yupo na nani hayupo.

Mwanzoni mwa mvua mama alijifungua mtoto asiyelia. Baba alimchimbia mwenyewe nyuma ya nyumba. Sikuonyeshwa uso wake. Niliona tu kitenge cha mama kikiwa kimekunjwa kidogo sana, kama mkate.

Kwetu Wairaqw, nyumba iliyopatwa na kifo cha namna ile huingia metimani. Huendi kwa mtu na mtu haji kwako. Huombi moto wala chumvi. Hupiti kwenye shamba la mtu, na ng'ombe wako hawachangamani na wa wengine, mpaka wazee waseme basi, mtakaswe. Zamani mambo hayo yalikuwa na nafasi yake, maana mlima ulikuwa mkubwa. Lakini utakaaje metimani katika nyumba iliyo hatua ishirini kutoka kwa jirani?

Na jirani mwenyewe, Mama Eliza, mke wa Balozi, alikuwa mjamzito. Alikuwa ameshapoteza wawili baada ya Eliza. Huyu wa sasa alimbeba kama mtu anayebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni.

Balozi alikuja siku ya tatu, akasimama nje ya ua wa minyaa, mbali.

"Katekista!" aliita. Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu.

"Nipo, Balozi."

"Daftari langu lina safu mbili tu, yupo na hayupo. Serikali haijaniletea safu ya metimani. Nitawaandika mnaumwa."

"Asante."

"Ila juzi, Jumapili, wewe mwenyewe ulisimama ukasema haya mambo ni ya giza. Nilikuwa benchi la mbele."

"Nilisema."

"Na leo?"

Baba alitazama nyuma ya nyumba. "Leo nimezika mtoto," alisema.

Balozi akainamisha kichwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi na utani, lakini siku ile aligeuka tu akaenda zake.

Shida ilikuwa kaka yangu Paskali. Alikuwa amemaliza la saba na amechaguliwa kwenda seminari, yeye peke yake katika kata nzima. Gari la parokia lingewachukua wavulana Jumatatu saa sita mchana, na barua ilisema wazi kwamba atakayechelewa nafasi yake atapewa mwingine. Wazee walikuwa wamepanga kututakasa wiki mbili baada ya Jumatatu hiyo. Barabara ya parokiani ilipita mbele ya nyumba zote za mstari, kisha katikati ya mashamba ya watu, mwendo wa saa mbili.

Wazee walikaa siku nzima. Jibu lao tuliletewa na Balozi, bado akiwa nje ya ua.

"Aende," alisema. "Lakini apitie msituni, azunguke mlima mpaka atokee nyuma ya parokia. Asikanyage shamba la mtu. Asiguse maji ya mtu. Hayo ndiyo masharti."

"Msituni kuna nyati," mama alisema kutoka ndani. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza wiki ile. Kweli, siku chache nyuma nyati alikuwa amemjeruhi mkata kuni kiunoni.

"Shemeji, najua. Aondoke alfajiri, apite juu juu." Kisha sauti yake ikabadilika. "Katekista, mke wangu unamwona alivyo. Nikisikia kijana amepita njia nyingine, sitamwita padre wala mwenyekiti. Nitakwenda mwenyewe huko seminari, nimrudishe nyumbani akae metimani mpaka ndevu zimwote. Nimesema mbele ya watoto wako wasikie."

Tulisikia. Paskali alikuwa amesimama nyuma ya mlango, ameshika sanduku lake la bati kana kwamba gari limeshafika uani.

Usiku na mchana niliwaza metimani ni kitu gani. Hakuna aliyenieleza kwa sababu kila mtu aliona ni jambo linalojulikana tu. Nilimsikia Ama, bibi yetu mzaa baba, akimwonya Paskali mara nyingi: "Usikanyage udongo wa watu. Udongo unakumbuka." Basi nikapata picha yangu. Niliiona metimani kama vumbi laini lililotushika kwenye nyayo. Ukikanyaga kwa mtu unamwachia, naye anapatwa. Nilikuwa nikikagua nyayo zangu kabla ya kulala. Na lile la kutogusa maji ya mtu nililielewa kuwa ni maji ya mtungini, ya ndani ya nyumba. Nani angetaka kuingia kwa Mama Eliza kunywa maji yake?

Jumatatu alfajiri nilimsindikiza Paskali hadi ukingo wa msitu, nikiwa nimebeba kifurushi chake cha mahindi ya kuchoma. Baba alimbariki mlangoni na akarudi ndani kwa mama, ambaye homa ilikuwa imempanda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Miti ilidondosha matone mazito, na ukungu ulikaa kati ya mashina kama moshi usiokuwa na pa kutokea.

Tulisimama. Ndani kabisa, tawi likavunjika.

"Ni nyani," nilisema.

"Nyani havunji hivyo."

Tulisikiliza. Tawi jingine. Kisha pumzi, au nilidhani ni pumzi. Paskali alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa mrefu kuliko baba, lakini alirudi hatua moja nyuma. Jua lilikuwa limeanza kupanda. Kuzunguka mlima kwa tope lile kungechukua zaidi ya nusu siku hata bila nyati.

"Tina," alisema, "nikirudi nyumbani leo, sitakwenda tena."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwonyesha mto wetu mdogo uliopita chini ya msitu, nyuma ya nyumba zote, ukateremka hadi bondeni karibu na parokia. Nikamweleza kwa hoja zangu zote. Metimani inakaa kwenye nyayo. Nyayo zinaacha kitu kwenye udongo. Maji hayana nyayo. Mto si shamba la mtu, haukulimwa na yeyote. Ukitembea ndani ya maji mpaka mwisho, hujakanyaga kwa mtu.

Alinitazama. Huyu ndiye mtu ambaye baadaye angewafundisha maprofesa kutofautisha hoja nzuri na hoja inayotamanika. Asubuhi ile alihitaji njia, na mtoto wa miaka minane alikuwa nayo.

Akavua viatu vyake vipya vya mnadani, akafunga kamba zake pamoja, akavitundika shingoni. Akakunja suruali, sanduku kichwani, akaingia. Maji yalimfika magotini. Mimi nilimfuata juu ya ukingo, upande wa vichaka usiolimwa, nikijificha.

Tulipofika kwenye jiwe la kuchotea, Mama Eliza alikuwa pale.

Alikuwa peke yake. Ndoo yake ilikuwa bado tupu, mkono mmoja ukiwa kiunoni. Paskali alitokea kwenye kona ya mto na hakuwa na pa kwenda. Nililala kifudifudi kwenye nyasi. Nilitaka akimbie. Lakini kaka yangu alikuwa amelelewa vizuri mno, na mdomo wake ulifanya kile ulichozoea kufanya mbele ya mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

Mtu wa metimani hamsalimii mtu. Hata mimi hilo nililijua. Mama Eliza alimtazama kuanzia viatu vya shingoni hadi maji yaliyozunguka magoti yake. Mkono wake ulitoka kiunoni ukashuka polepole tumboni. Ndege walikuwa wakilia kama siku nyingine yoyote.

"Marahaba," alisema.

Akasogea hatua moja kutoka kwenye jiwe. Paskali akapita, maji yakichafuka nyuma yake, akapotea kwenye kona ya pili. Mama Eliza akasimama akiyatazama maji. Alingoja tope litulie. Kisha akainama kwa taabu, akachota, akajitwisha, akapanda kwenda nyumbani kuwapikia watu wake.

Nilirudi nikiwa na furaha. Mpango wangu ulikuwa umefaulu. Jioni, wakati Ama akichambua maharage, nilimuuliza kwa mbali, kwa ujanja wangu wa kitoto.

"Ama, metimani inaweza kukaa kwenye maji?"

Hakuinua hata macho. "Maji ndiyo ya kwanza, mjukuu wangu. Udongo unakaa pale ulipo. Maji yanaingia kwenye sufuria ya kila mtu."

Baada ya jioni hiyo sikulala vizuri. Ilinijia kwamba mimi ndiye niliyemuua mtoto wa Mama Eliza, ila bado hajafa. Kila asubuhi nilichungulia kupitia ua wa minyaa kumtazama anavyotembea. Akishika mgongo, mimi nilishika wangu. Siku moja aliketi ghafla kwenye kizingiti, nikakimbilia nyuma ya nyumba nikatapika. Yeye naye alikuwa akinitazama. Mara kadhaa macho yetu yalikutana juu ya ule ua, na mara zote yeye ndiye aliyeyaondoa kwanza.

Wazee walitutakasa siku ile waliyopanga. Tulinyolewa nywele, moto wa zamani ukazimwa, mpya ukawashwa, mzee akatunyunyizia maji kwa majani. Mama alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza, na wanawake wa mstari wakaingia kumkumbatia. Watoto waliokuwa wakiturushia maneno ya "msitusogelee" walinikimbilia tucheze. Mimi sikucheza. Nilijua nilitakaswa kwa jambo walilolijua wazee. Lile la mtoni halikuwemo.

Kaka alilibeba vilevile, ingawa sikujua mpaka tulipokuwa watu wazima. Mwaka aliokabidhiwa chuo alikuja nyumbani kupumzika. Tulikuwa tumekaa nje, mlima Hanang ukiwa wazi mbali kusini, akaniuliza bila utangulizi: "Hivi, Tina, alichota?"

"Alichota."

Aliniambia kwamba alipofika seminari alikwenda kuungama. Padre alimsikiliza hadi mwisho, akacheka kwa upole, akamwambia hiyo si dhambi, mwanangu, nenda kwa amani. "Nikatoka na mzigo wangu," alisema, "sikuambiwa niutue wapi." Katika chuo chake, mwanafunzi aliyefiwa hakuhesabiwa siku za kukaa kwao. Walimu wengine walinung'unika kwamba Baba Askofu analegeza taratibu. Hakuwajibu, na mimi sikuwaeleza.

Lakini nimekwenda mbele mno. Uchungu wa Mama Eliza ulianza Jumatano moja asubuhi, baada ya sisi kutakaswa. Alhamisi mchana mtoto alikuwa bado. Nesi Zubeda wa zahanati, mwanamke wa Kondoa aliyefunga kilemba cheupe hata shambani, alikuwa ameingia ndani tangu jana yake na hakuwa ametoka. Tulisikia kila kitu. Nyumba za mstari hazikuficha chochote.

Alasiri Balozi alikuja kwetu. Hakusimama nje ya ua.

"Katekista, njoo. Wazee wamekaa kwangu. Wanasema kuna kitu kimefunga njia." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nakuuliza kama ndugu. Paskali alipita wapi?"

"Msituni," baba alisema. "Kama ulivyoagiza. Mimi nilimbariki mlangoni, akaelekea huko."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Baba hakusema uongo. Aliamini. Nilimtazama akivaa koti lake kwa heshima ya wazee, na miguu yangu ikaanza kwenda yenyewe. Kwetu, jambo lililofichwa likisemwa mbele ya mzazi mwenye uchungu, njia hufunguka. Hilo nililisikia wanawake wakinong'ona tangu asubuhi. Kwa hiyo nilikuwa na neno moja mdomoni. Nikilisema, mama yule na mtoto wake wangepona, na kaka yangu angerudishwa kwa aibu, seminari basi. Nisiposema, kaka angebaki na vitabu vyake, na mstari mzima ungezika. Nilimpenda Paskali kuliko mtu yeyote duniani. Nililia njia nzima, ile njia ya hatua ishirini.

Nikapita kati ya wazee, nikafika mlangoni kwa Mama Eliza. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya jasho na dettol.

"Alipita mtoni!" nilipiga kelele. "Paskali alipita mtoni! Mimi ndiye nilimwambia!"

Baba alinishika bega, na kwa namna alivyonishika nilijua kitu kimevunjika ndani yake. Balozi alisogea mlangoni. Kwa desturi mwanamume hasogei hapo, lakini hakuna aliyemzuia.

"Mama Eliza," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Jumatatu ile ulikwenda mtoni alfajiri. Ulimwona kijana?"

Kutoka gizani alinitazama. Nywele zilikuwa zimemganda usoni. Alikuwa mwanamke wa kwetu, aliyelelewa na mambo ya kwetu, aliyeshazika wawili. Alijua vizuri kuliko mimi neno "ndiyo" lingeweza kumfungulia nini.

"Sikuona mtu," alisema.

"Mke wangu, fikiri."

"Nilikaa pale hadi jua likapanda. Niliona korongo. Huyo mtoto amefiwa, anaota ndoto mchana. Mpelekeni kwa mama yake."

Kisha uchungu ukamrudia, na hakuweza kusema tena.

"Basi mmesikia!" Nesi Zubeda alifoka. "Mnatafuta mtoni kitu gani? Mtoto ametanguliza makalio, hilo ndilo lililofunga njia. Balozi, ondoka mlangoni unanizibia mwanga. Na wewe, binti, acha kulia, nyanyua hilo pazia la dirisha ulishike hivyo hivyo."

Nilishika pazia. Mikono yangu ilikufa ganzi, na sikulishusha. Sikutazama ndani. Nilitazama nje, wazee wakiwa wameinamisha vichwa, baba akiwa amepiga magoti kwenye tope na rozari yake, Ama pembeni yake akinong'ona maneno ya zamani, wote wawili kwa pamoja. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika kwenye ua wetu wa minyaa niliposikia Nesi Zubeda akisema, "Haya, haya, haya," kisha kimya, kisha kofi dogo, kimya tena, halafu sauti nyembamba yenye hasira.

Balozi Lohay alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye maji ya mvua.

Siku ya nne Ama alinituma nipeleke kibuyu cha maziwa. Nilikwenda polepole kadiri nilivyoweza. Mama Eliza alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, mtoto amelala mapajani. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weka hapo."

Niliweka. Sikuondoka. "Mama, ulimwona," nilisema. "Mimi nilikuwa kwenye nyasi."

"Najua ulikokuwa. Makalio yalikuwa yanaonekana."

Sikuweza kucheka. "Kwa nini ulikataa?"

Alichochea moto kwanza. "Nilikuwa naogopa, Tina. Usifikiri sikuogopa. Tangu asubuhi ile kila nilipokunywa maji niliogopa." Akamfunika mtoto vizuri. "Kama ningesema ndiyo, wangemrudisha, hilo ni la hakika. Kama mtoto wangu angepona kwa hilo, sikujua. Sijui hata sasa. Nilichojua ni kwamba mtoto wa jirani yangu alikuwa ameshafika alikokwenda."

Mtoto akajikunyata, akaanza kulia. Mama Eliza alimwinua kwa mikono miwili akaninyooshea.

"Nishikie huyu, nikanywe maziwa yangu."

Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nilificha mikono yangu nyuma.

"Njoo," alisema. "Mikono yangu inachoka."

Nikamshika. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, na kichwa chake kilikuwa cha moto kama kiazi kilichotoka majivuni. Nilisimama bila kupumua katikati ya nyumba ile, nikimwangalia usoni, nikingoja kitu kimpate. Alipiga chafya. Kisha akanishika kidole, akaendelea kulia kwa nguvu zake zote.